Mwanga na Hewa Hospitalini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya maswali yanajirudia kila mtu anapoanza kuchora hospitali, kukarabati au hata kulalamikia tu wodi aliyolazwa ndugu yake. Nimeyapanga kwa mafungu, ya mwanzo mwanzo yako juu, yenye utata yako chini, na jibu likishatolewa sehemu moja sitalirudia, nitakuelekeza namba ya swali tu.

## Ya kuanzia

1. Kwani hospitali ina tofauti gani na ofisi au shule? Si madirisha tu?

Tofauti ni kwamba aliyelazwa hana pa kwenda. Mtu wa ofisini akisikia joto anatoka nje, anapunga upepo, anarudi. Mgonjwa yuko pale pale saa 24, anatazama dari lile lile na anavuta hewa ambayo wa kitanda cha pili ameshaikohoa. Halafu magonjwa yanayosafiri kwa hewa, kifua kikuu, surua, tetekuwanga, na Korona tuliyoiona wote, yanaletwa hapo hapo, na watu wenye miili iliyochoka kupigana nayo wako hapo hapo, na manesi wanapita katikati yao zamu nzima. Kwa hiyo dirisha la wodi mimi nalihesabu kama kifaa cha tiba, sawa na mtungi wa oksijeni, na kifaa kikiwa kibovu kinaripotiwa.

2. Hili si wazo jipya la watu wa mazingira?

Wala. Florence Nightingale, nesi wa Uingereza, aliporudi kutoka vita vya Crimea, miaka ya 1850, alishikilia kabisa kwamba wodi iwe ndefu na nyembamba, madirisha pande zote mbili yakitazamana, dari liwe juu sana, na vitanda vipangwe kufuata madirisha. Hospitali ya St Thomas' ya London iliyofunguliwa 1871 ilijengwa hivyo, mabanda marefu yaliyoachana ili kila moja lipate upepo wake. Cha kuchekesha ni kwamba yeye aliamini ugonjwa unaletwa na hewa yenye uvundo, nadharia ambayo baadaye ilitupwa. Yaani sababu alikosea, dirisha akapatia.

Baadaye zikaja sanatoria, yaani hospitali za kulaza wagonjwa wa kifua kikuu muda mrefu, ile ya Paimio kule Finland iliyochorwa na Alvar Aalto na kukamilika 1933 ndo maarufu zaidi, na humo dari la chumba lilipakwa rangi ya kijani iliyokolea kwa sababu Aalto alijua mgonjwa anatazama juu mchana kutwa. Kisha zikaja dawa za antibayotiki na viyoyozi, watu wakaona sasa dirisha la nini, majengo yakaanza kunenepa, korido ndefu katikati na vyumba ambavyo havijui kama nje ni mchana au usiku. Mengi tunayohangaika nayo leo yametokea hapo.

3. Kuna ushahidi au ni maneno matamu ya wasanifu majengo?

Upo, ila usome kwa akili. Unaotajwa sana ni wa Roger Ulrich wa 1984, Marekani. Alilinganisha wagonjwa 46 waliotolewa kibofu nyongo, nusu yao dirisha lilitazama miti na nusu lilitazama ukuta wa matofali, na wale wa miti walikaa wastani wa siku 7.96 badala ya 8.70 na wakatumia dawa kali za maumivu pungufu kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo, hospitali moja, tena unahusu mandhari na si mwanga wenyewe, ingawa watu wanautaja kana kwamba ndo umemaliza kila kitu. Kuhusu mwanga kuna wa Pittsburgh wa 2005, wagonjwa 89 waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, waliolazwa upande wa jua walitumia dawa za maumivu pungufu kwa asilimia 22 kwa saa.

Kuhusu hewa ushahidi una nguvu zaidi. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa Lima, Peru, walipima vyumba 70 katika hospitali 8. Madirisha na milango ikiwa wazi hewa ilibadilika mara 28 kwa saa (hiyo ni ya katikati), wakati vyumba vinavyobadilishiwa hewa kwa mashine vinalengwa mara 12. Tena majengo ya zamani yenye dari juu na madirisha mapana yalifika 40, mapya yakaishia 17. Kipya kinyemi, ndo hivyo.

4. Mwanga na hewa si ni kitu kimoja? Ukiweka dirisha umepata vyote.

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapojikwaa. Dirisha la kioo kisichofunguka linakupa mwanga bila hewa hata tone. Luva, yaani vibao vya mlazo vilivyoachana, iliyofichwa juu ya mlango inakupa hewa bila mwanga. Mwanga unatoka juu, angani, kwa hiyo unataka dirisha liende juu karibu na dari. Hewa inataka njia, pa kuingilia na pa kutokea. Ukichora, chora mara mbili kwenye karatasi mbili, moja ya mwanga na moja ya hewa, halafu uzilaze pamoja uone zinapogombana.

Na lile la "jua linaua vijidudu" ni kweli, limejulikana tangu 1877, lakini kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya miale inayofanya kazi hiyo. Jua lililopita kwenye kioo lisikufanye upunguze kufagia hewa.

## Hewa

5. Hewa kiasi gani inatosha?

Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wake wa 2009 wa hewa ya asili hospitalini, linataka wastani wa lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi za kawaida na kliniki za nje, na lita 160 kwa sekunde kwa mgonjwa kwenye vyumba vya magonjwa ya hewa. Ukitaka kugeuza iwe "mara ngapi kwa saa" unachukua lita kwa sekunde unazidisha 3.6 unagawa kwa ujazo wa chumba kwa mita za ujazo.

Mfano: wodi ya watu 10, mita 10 kwa 8, dari mita 3. Ujazo 240. Hewa inayotakiwa lita 600 kwa sekunde. 600 mara 3.6 gawa 240 unapata 9, yaani hewa yote ya chumba iondoke na kubadilishwa mara 9 kila saa. Chumba kidogo cha kutenga mgonjwa mmoja cha mita za ujazo 24 kwa lita 160 kinakwenda mara 24. Ona kwamba ukiongeza vitanda kwenye wodi ile ile hesabu inaharibika hata kama hujagusa ukuta, na hili wasimamizi huwa hawapendi kuambiwa.

6. Dirisha moja kubwa linatosha?

Kwa chumba kifupi linaweza kukupa kitu, kwa wodi hapana. Hewa ni kama maji kwenye bomba, usipotoboa upande wa pili haiendi. Mabaharia wana maneno mazuri ya hili, joshini ni upande upepo unakotokea na demani ni upande unakoelekea, na wodi nzuri ina tundu joshini na tundu demani na hapo katikati hakuna kabati refu wala ukuta wa kuziba.

Kwa kukadiria tu: chumba chenye madirisha upande mmoja, hewa inafika ndani kama mara mbili au mbili na nusu ya urefu wa kwenda juu wa chumba. Chenye madirisha pande mbili zinazotazamana unaweza kwenda hadi kama mara tano. Kwa dari la mita 3 ina maana wodi ya upande mmoja ikizidi mita 7 hivi kwenda ndani, wa mwisho kule anavuta mabaki.

Ukubwa wa tundu nao unakadirika. WHO wanatumia 0.65 mara kasi ya upepo mara eneo la tundu dogo kuliko yote. Upepo wa mita 1 kwa sekunde na tundu la mita 1 ya mraba unakupa karibu lita 650 kwa sekunde, inayotosha ile wodi yetu ya swali la 5 kwenye karatasi. Lakini rudia kusoma hapo, tundu *dogo kuliko yote*. Ukiweka madirisha ya fahari joshini, halafu demani ukaacha kijitundu cha juu ya mlango tu, hesabu inafuata kile kijitundu, fahari yako haihesabiwi.

7. Na siku ambayo upepo hauvumi kabisa?

Hapo unategemea joto. Hewa ya moto inapanda, kwa hiyo ukiwa na tundu chini na tundu juu kabisa, labda kwenye paa lililoinuliwa au bomba refu kama la moshi, hewa ya ndani inatoka juu na ya nje inavutwa chini. Inasaidia lakini usiitegemee kupita kiasi maana inataka ndani pawe na joto kuliko nje, na ukirefusha bomba mara mbili hupati hewa mara mbili, unapata kama mara 1.4 tu. Kwenye joto kali lisilo na upepo, nje na ndani vikalingana, bomba linalala. Ndo maana mimi nasema weka feni za kutoa hewa za akiba tangu kwenye mchoro, huko mbele nafasi yake ukutani haitapatikana.

8. Kiyoyozi cha ukutani si kinaleta hewa safi?

Hakileti. Hili ningeomba libandikwe mlangoni kwa kila mkuu wa idara. Kile cha kawaida cha ukutani, chenye kipande cha nje na cha ndani, kinachofanya ni kunyonya hewa ya chumbani, kuipoza, na kuirudisha chumbani. Kinachopita kwenye ule ukuta ni mirija ya gesi ya kupozea, hewa haipiti. Ubaya wake ni kwamba kikishawashwa watu wanafunga madirisha, na chumba kikishapoa kila mtu anaridhika, anaona hewa nzuri, kumbe ni hewa ya tangu asubuhi imepozwa tu. Nimeingia chumba cha kusubiri cha kliniki ya kifua, watu zaidi ya 30, viyoyozi viwili vinanguruma na madirisha yamezibwa kwa gundi kabisa "baridi isipotee". Nilisubiria nje.

Kama kiyoyozi ni lazima basi kiende pamoja na mfumo wa kuingiza hewa ya nje, au angalau tundu dogo la kudumu lisilofungika na feni ya kutoa upande wa pili. Utalipa umeme zaidi, ni kweli.

9. Feni za dari si zinasambaza vijidudu chumba kizima?

Zinachanganya hewa, haziitoi. Kama chumba kina njia nzuri ya hewa, feni inasaidia kuondoa zile kona zilizotuama, na mwili unaona nafuu ya joto. Kama chumba kimefungwa, ndiyo, umechukua kikohozi cha kitanda cha kwanza ukakigawa kwa wote. Kwa hiyo usiulize feni, uliza tundu. Kwenye chumba cha kutenga mgonjwa habari ni nyingine, nenda swali la 17.

10. Nyavu za mbu zinapunguza hewa kiasi gani?

Sana, zinaweza kula hata nusu ya upepo, na zikijaa vumbi ni mbaya zaidi. Ila usiziondoe! Penye mbu, malaria inayopatikana wodini ni aibu kubwa kuliko joto. Cha kufanya ni kuongeza eneo la tundu tangu mwanzo, ukikadiria mita 1 ya mraba weka 2, na nyavu ziwe za kuchomoka ili zioshwe. Wavu uliopigiliwa misumari moja kwa moja kwenye fremu hautaoshwa kamwe, hiyo nakuhakikishia. Ujanja mwingine ni kuweka wavu kwenye ukingo wa nje wa baraza badala ya dirishani, eneo linakuwa kubwa na upepo unapenya taratibu.

11. Usiku, mvua na baridi watu wanafunga kila kitu. Sasa?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni utangulizi. Karibu kila wodi inapita mtihani saa sita mchana ikiwa madirisha wazi. Swali ni saa nane usiku, mvua inanyesha, mgonjwa wa karibu na dirisha analalamika baridi. Kule Lima (swali la 3) waliona vyumba vikifungwa hewa inaanguka mara 18. Kwa hiyo ukichora dirisha moja kubwa la kufungua lote au kufunga lote, umechora wodi isiyo na hewa usiku.

Gawanya dirisha. Sehemu ya chini kubwa ya mchana ambayo mgonjwa anaifungua mwenyewe. Sehemu ya juu, karibu na dari, ya luva za kudumu au zinazofungika nusu tu, iliyokingwa na paa lililotokeza vizuri mvua isiingie, hii inabaki wazi usiku kucha na upepo wake unapita juu ya vichwa vya waliolala. Madirisha ya luva, wengine wanayaita nako, ni mazuri kwa hili kwa sababu karibu eneo lote linafunguka, wakati la kuteleza linakupa nusu tu hata likiwa "wazi".

Nchi za baridi kweli kweli, ya theluji, hewa lazima ipashwe kabla haijamgusa mgonjwa. Paimio walifanya kwa akili, dirisha la vioo viwili, hewa inapita katikati yake kwanza inapata joto kidogo ndo inaingia. Siku hizi kuna mashine zinazochukua joto la hewa inayotoka na kulirudishia inayoingia bila hewa zenyewe kuchanganyika, na kwa hali ya hewa ya namna hiyo sioni aibu kusema mashine inashinda dirisha.

12. Na kama hewa ya nje yenyewe ni chafu?

Kwanza angalia kama uchafu umeuleta wewe. Jenereta, tanuru la kuchomea taka, jiko, dobi na vyoo, vyote vikae demani, mbali na madirisha ya wodi, na mara nyingi utakuta jenereta limewekwa joshini kabisa kwa sababu hapo ndo palikuwa na nafasi. Kama ni barabara kubwa yenye moshi au viwanda, geuza wodi zitazame ua wa ndani na upande wa barabara weka stoo na ngazi. Ikishindikana hapo ndo unahitaji vichujio na mashine, hewa ya asili ina mipaka yake.

## Mwanga

13. Mwanga wa dirisha unafika ndani umbali gani?

Unaofaa kufanyia kazi unafika kama mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa dirisha. Ukingo ukiwa mita 2.1 unapata mita 4 na kitu, ukiupandisha hadi 2.8 unapata karibu 6 au 7. Ndo maana kuongeza upana wa dirisha hakusaidii kama kulipandisha. Rangi nyeupe darini na ukuta wa mbali usiong'aa vinasogeza mwanga zaidi, na hivyo ni ndoo za rangi tu.

14. Jengo lielekee wapi?

Karibu na Ikweta laza jengo mashariki kwenda magharibi ili pande ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Jua la saa sita liko juu, kipande cha paa kinalizuia. Jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini, paa halilizuii, linaingia hadi kitandani, na la jioni ndo baya maana linakuta jengo tayari limeshapata moto. Ukiwa mbali na Ikweta, upande unaoelekea Ikweta ndo wa kupendelea, jua la majira ya baridi linaingia na kupasha.

Upepo nao una upande wake na mara nyingi hauelewani na jua. Ikibidi kuchagua, mimi naelekeza jengo kwa jua halafu upepo naukamata kwa kuta za pembeni au madirisha yanayofunguka kwa pembe, kwa sababu upepo unakubali kupindishwa kidogo, jua halikubali.

15. Tukiweka vioo ukuta mzima si ndo mwanga bora?

Ndo joto bora. Kioo chini ya usawa wa kitanda hakimpi mgonjwa kitu, kinamwonyesha kwa watu wa nje tu. Halafu mwanga mkali mno unaumiza macho ya mtu aliyelala chali, watu wanafunga mapazia, taa zinawashwa mchana. Ukiona mapazia yamefungwa mchana kutwa, ujue mchoraji aliweka kioo bila kivuli.

16. Kitanda kikae vipi?

Kawaida kichwa kinakaa ukutani na dirisha linakuwa ubavuni au nyuma, mgonjwa anaona mgonjwa mwenzake wa upande wa pili. Hospitali ya Butaro, Rwanda, iliyochorwa na MASS Design Group na kufunguliwa 2011, waliligeuza, wakajenga ukuta mfupi katikati ya wodi, vichwa vya vitanda vikaelekea huo, kila mmoja akatazama nje kwenye vilima. Vilevile walitoa korido za ndani wakaweka baraza za nje, kwa hiyo msongamano wa watu unasubiri kwenye hewa wazi. Hilo la korido kwangu ndo la kuiga kwanza.

Na kizingiti cha dirisha kiwe chini kiasi ambacho aliyelala anaona ardhi na miti. Lala mwenyewe kitandani kabla fundi hajajenga, uangalie.

## Vyumba vyenye masharti yake

17. Chumba cha kifua kikuu na magonjwa ya hewa kinataka nini cha ziada?

Mwelekeo. Hewa itoke sehemu safi, ipite kwa nesi, kisha kwa mgonjwa, ndo itoke nje, isirudi koridoni. Kwa hiyo chumba hiki kikae demani mwisho wa jengo, mlango wake uwe wa kujifunga, na kinapotolea hewa pasiwe na benchi la ndugu wanaosubiri. Kwa vile upepo hugeuka, hakuna anayeweza kukuhakikishia mwelekeo kwa upepo peke yake, na hapo feni ya kutoa hewa inasaidia kushikilia.

Nyongeza nzuri ni taa za urujuanimno za juu ya chumba, wengi wanaziita taa za UV, zenye mawimbi ya nanomita 254. Zinafungwa juu ya vichwa, kama mita 2.1 kwenda juu, zinaua vijidudu kwenye hewa ya juu, na feni ya taratibu inapandisha hewa ya chini ikapigwe. Hapa feni ni rafiki. Dari likiwa chini sana hazifai, zinachoma macho na ngozi, na lazima mtu azipime na kuzifuta vumbi. Butaro wanazo, pamoja na feni kubwa za taratibu.

18. Chumba cha upasuaji kiwe na dirisha?

La mwanga ndiyo, la kufungua hapana. Thieta inataka hewa iliyochujwa inayosukuma kutoka ndani kwenda nje, viwango vya Marekani vinataka mabadiliko 20 kwa saa, 4 kati yake yawe hewa ya nje. Nzi mmoja kwenye tumbo lililofunguliwa hana mjadala. Lakini kioo kisichofunguka, chenye kivuli cha kuzuia jua la moja kwa moja, madaktari wanaosimama saa sita humo watakushukuru.

19. Wenye kinga dhaifu, kwa mfano wa saratani ya damu?

Hao usiwafungulie dirisha. Vumbi la nje, hasa penye ujenzi, linabeba ukungu wa aspajilasi ambao kwa mtu mwenye afya hauna neno na kwao unaua. Hewa yao ichujwe. Waliounguzwa moto vivyo hivyo. Mwanga na mandhari wapewe kama kawaida kupitia kioo.

20. Watoto njiti na wale wa manjano, tuwaweke dirishani?

Asili yake ipo. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford, Uingereza, sista mmoja aliona mtoto aliyetolewa juani manjano yamepungua isipokuwa palipofunikwa na shuka, na 1958 matibabu ya mwanga yakachapishwa. Lakini kinachotibu ni mwanga wa bluu uliopimwa. Dirishani huwezi kujua kipimo, na mtoto anaweza kupoa au kuungua, kwa hiyo jua la dirishani lisichukue nafasi ya mashine. Inkubeta ndo kabisa isipigwe na jua, lile boksi la plastiki linashika joto na mtoto anapata moto kuliko kipimo kinavyosema. Chumba kiwe na mwanga wa mchana laini, na usiku giza liwepo.

21. ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, je?

Dirisha muhimu ili mgonjwa ajue mchana na usiku, wengi humo wanachanganyikiwa. Kama dirisha peke yake linapunguza kuchanganyikiwa, tafiti hazijakubaliana. Mimi ningeliweka hata hivyo, kwa ajili ya manesi.

## Jengo lipo tayari

22. Hatuna hela ya kujenga upya. Tuanzie wapi?

Zunguka na ngazi na bisibisi. Fungua madirisha yaliyopakwa rangi yakagandana, toa makabati yaliyoziba, osha nyavu, rudisha luva za juu ya milango ambazo mtu aliziba kwa mbao. Hamisha kusubiri kuwe barazani. Utafiti wa Lima walipima kwa kufungua tu, hawakujenga kitu. Baada ya hapo ndo ufikirie kutoboa, na tundu la kwanza liwe upande ambao hauna (swali la 6).

23. Nitajuaje hewa inatosha bila vifaa vya gharama?

Kipande cha tishu kwenye uzi, kitundike dirishani na mlangoni, kinaonyesha hewa inaenda wapi. Usiwashe ubani wala mshumaa wodini! Penye oksijeni, moto mdogo unakuwa janga. Kipimo cha kaboni dayoksaidi nacho ni kidogo cha mkononi, nje inasoma kama sehemu 420 kwa milioni, na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, inataja 800 kama lengo la ndani. Pima usiku, watu wakiwa wamelala (unajua kwa nini, swali la 11). Kumbuka hakisomi kazi ya vichujio wala taa za swali la 17, kinasoma hewa mpya tu.

24. Ghorofani wagonjwa wanaweza kuanguka.

Kweli, na wengine wanaruka. Uingereza mwongozo wa majengo ya afya unataka dirisha analoweza kulifikia mgonjwa lisifunguke zaidi ya milimita 100. Tatizo ni mtu anaweka kile kizuizi kwenye madirisha yaliyokwishapigiwa hesabu yakiwa wazi kabisa, na hewa inapotea kimya kimya. Rudia hesabu kwa tundu la milimita 100, au weka wavu imara wa chuma kwa nje ukaacha dirisha lifunguke lote, au hamishia hewa kwenye luva za juu.

25. Nani mwenye kazi ya kufungua?

Kama hajaandikwa hakuna. Mgonjwa anaogopa, ndugu anaona si kwake, nesi ana wagonjwa 20, fundi anakuja likivunjika. Iandikwe kwenye zamu kama inavyoandikwa kupima joto la mwili, saa na jina. Na mchoraji asaidie, mpini uwe pale nesi mfupi aliyevaa glavu anafika bila kupanda kiti na bila kuinama juu ya mgonjwa, maana dirisha la kupandia kiti litafunguliwa wiki ya kwanza tu. Siku ya kukabidhiwa jengo usisaini hadi umefungua na kufunga kila moja kwa mkono wako, hata la stoo, hata lile la juu ya choo.